Baba Hajagusa Simu Yangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Kaka yangu Kimanzi, dada yetu Koki na mimi tumefungua grupu ya siri. Ni ile app ya ujumbe unaofungwa njia nzima, kisha unajifuta baada ya saa moja. Kimanzi anaringa — hata serikali haiwezi kusoma! Ajenda ni Baba. Wiki jana alijikata kidole gumba na patasi akichonga twiga. Koki anasema macho ya mzee yamekwisha, arudi kijijini Makueni akaangaliwe na shangazi. Mimi nibaki na nyumba hapa mtaani Jericho. Nimekubali. Nimechoka kufagia vumbi la mbao.

Jumatano, 10 Septemba
Mpango: Kimanzi ampitie Baba saa nne, ampeleke kwa daktari wa macho bila kumwambia. Saa tatu Baba amevaa kofia, huyoo soko la Kariokor, ati anatafuta ngozi ya kigoda. Amerudi jioni mikono mitupu, anapiga mluzi. Bahati tu?

Ijumaa, 12 Septemba
Leo Koki alikuwa aje na mchungaji wamshawishi mzee. Baba akawatangulia! Alimdamkia mchungaji alfajiri, akamwambia anataka kulichongea kanisa mimbari mpya, kazi ya miezi sita. Mchungaji alifurahi hadi akamwombea. Koki amenipigia akifoka: kuna msaliti kati yetu. Anamshuku Kimanzi. Kimanzi ananishuku mimi. Mimi!

Jumapili, 14 Septemba
Nimemnasa!
Nilitoka bafuni bila viatu. Simu yangu ilikuwa inachaji kando ya redio, skrini juu. Ikawaka. Baba yuko kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka pale, bila miwani. Akainamisha kichwa, akasoma, midomo ikichezacheza. Kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.
"Baba! Unasoma simu yangu?"
"Sijaigusa, Mwelu. Inawaka yenyewe. Mtu akiitwa si huitika?"
Akanitajia hata ule ujumbe Koki alioufuta asubuhi. Koki alichukua dakika mbili kuufuta. Baba alihitaji moja.
Hatua tatu. Bila miwani. Huyu ndiye wa macho yamekwisha!

Jumanne, 16 Septemba
Nimempitia Jackton, fundi wa simu pale sokoni. Amenicheka kweli. Ati barua inasafiri imefungwa vizuri, hakuna wa kuifungua njiani, lakini ikifika, simu yangu mwenyewe inaipasua na kuibandika mlangoni. Akaingia kwenye mipangilio akanionyesha historia ya arifa — maneno ambayo app imekwisha kuyafuta, yamejipanga mstari, yananisubiri! Akasema nizime arifa zisionyeshe maneno. Sekunde kumi tu.
Nimerudi nyumbani nikiwaza. Kwa hiyo Baba alisoma na yangu. Nami niliandika, "Amekuwa mzigo," na Koki akajibu, "Mwelu amesema kweli, ni mzigo." Nilisahau kabisa. Yeye hajanitajia. Jioni alinimiminia chai, akanisukumia kikombe, akarudi kwa twiga wake.
Nimelia kidogo. Halafu nimecheka.
Sijazima kitu. Nimeirudisha simu pale pale, skrini juu. Nimeisogeza kidogo upande wa kiti chake.

Jumamosi, 20 Septemba
Naandika jikoni, haraka haraka.
Kimanzi amekuja na pikapu ya kukodi kumhamishia Baba Makueni. Baba alikuwa tayari amevaa koti, amekaa wima kama hakimu. Kimanzi akamwambia, haya Baba, kama unaona, soma hapa. Akamwinulia simu yake mwenyewe, habari za hali ya hewa, herufi ndogo makusudi. Baba akaanza: mvua nyepesi itanyesha alasiri, upepo wa wastani... Simu ikalia, ujumbe ukashuka juu ya skrini. Mzee akaendelea kusoma kwa sauti ile ile:
"Koki. Ameshatoka? Dada ya mume wangu anahamia nyumba ya Jericho Jumatatu. Mwelu tutamwambia baadaye."
Kimanzi aliivuta simu kama imemuunguza.
Baadaye lini? Nikiwa nimelala barabarani?
Baba akaniangalia. Hakucheka. Nikasema naenda kutazama chai. Hakuna chai, sijabandika hata maji. Kimanzi anaita, "Mwelu, kuja nikueleze." Baba anamwambia, "Muache. Nieleze mimi kwanza."
Na huko nje dereva anapiga honi — anauliza anapakia vitu vya nani.