Sasa Wananiambia Ubaya wa Gari

Geita Mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sauti ya kujaa kifua, maana leo nina habari. Mimi mzima, nimenenepa kidogo kwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa ya mgando ya huku, ila vidole havitakati tena hata nikivisugua kwa sabuni ya unga. Nyumbani hamjambo? Kifua cha baba kimetulia? Na mwanangu Rehema, bado anakusumbua na maswali yake, au shule imemtuliza?

Unajua bosi aliniajiri kwa majaribio. Kampuni yake ina vani za kubeba wafanyakazi wa mgodini, na mimi ndiye niliyekabidhiwa gereji: magari yawe mazima, yasilale njiani. Nilikuambia simhamishi Rehema mpaka nijue kama nabaki. Yaliyobaki nilikuficha, mama. Masika ilipoanza magari yalikuwa yanakufa ovyo njiani, watu wanachelewa shifti, na wakubwa wa mgodini wakamwambia bosi kwamba wakichoka watatafuta kampuni nyingine. Bosi akaja kutoka kwake Nyasubi, kule Kahama, akasimama mlangoni mwa gereji hata kiti hakutaka.

"Mama Rehema, mvua hizi zikiisha na gari bado zinalala njiani, gereji naifunga. Zitatengenezwa Mwanza."

Hapo kwangu kunabaki nini? Kurudi Handeni na begi langu.

Kilichokuwa kinanitia wazimu ni kwamba kila asubuhi niliwauliza madereva hali za magari, na kila asubuhi magari yote yalikuwa mazima. Dereva wetu mkubwa kwa umri ni mzee Masanja, mtu wa Tinde, mpole mpaka anaudhi. Namwamkia, ananiitikia marahaba, namuuliza, "Gari mhola?" Anajibu, "Mhola duhu," yaani salama kabisa. Mchana napigiwa simu amekwama njia ya Chato, rejeta imechemka. Siku moja uzalendo ukanishinda, nikamuuliza kwa nini hakunieleza mapema. Akanitazama kwa huruma.

"Mama Rehema, wewe umenisalimia. Mtu akikusalimia, unamtupia matatizo?"

Nilikaa juu ya tairi bovu nikacheka peke yangu. Hata mimi ukinipigia simu nimefiwa, nitasema nzuri kwanza, mengine baadaye. Kumbe muda wote nilikuwa nawajulia watu hali, nikidhani nakagua magari.

Kesho yake nikaweka adabu pembeni. Wasukuma si watani wetu Wazigua? Mtani anasemwa na hakasiriki. Nikasimama getini nikawaambia, "Nyie Wasukuma, ng'ombe akichechemea mnamjua kabla hajatoka zizini, ila gari la mtu mnasema mhola. Leo hatoki mtu hapa bila kuniambia ubaya wa gari lake. Asiyeuona arudi akautafute." Wakanirudishia matusi ya utani ya kutosha, eti Mzigua hata baiskeli hajui kuiegesha, atajua gari? Lakini wakazunguka magari yao. Huyu breki zinalia, yule usukani unavuta kushoto, mwingine anasikia harufu ya oili. Nilitamani kuwakumbatia.

Likabaki moja. Gari likilala gereji, dereva wake anakosa kazi siku hiyo, sasa nani atakubali kusema ubaya wa lake? Nikamwomba bosi aache vani moja nzima uwanjani, dereva ambaye lake limezuiwa aondoke na hiyo. Akanung'unika kweli. "Gari nzima ikae tu kama bibi harusi?" Nikamwambia ikae, ndiyo itakayoziokoa nyingine. Akakubali shingo upande.

Basi juzi alfajiri bosi akaja na mkubwa mmoja wa mgodini kutazama magari yanavyotoka. Gari la mzee Masanja limeshajaa watu. Nikamuuliza ubaya wake, huku moyoni najua kwamba mbele ya bosi atasema mhola. Mzee akashuka, akavua kofia.

"Hii leo siendi nayo. Nikikata kona kuna kitu kinagonga mbele."

Bosi akakunja uso. "Jana si ilikuwa nzima?"

Nikasema washuke. Abiria wakahamia vani ya akiba wakinisonya, ikaondoka na mzee Masanja, wakawahi shifti. Tukaipiga jeki ile iliyobaki. Kile kiungo kinachoshika tairi la mbele kilikuwa kimelika, nikitikisa kwa mkono tairi linacheza. Mkubwa wa mgodini akainama akalitikisa mwenyewe, kisha akasimama.

"Na hii ndiyo ingebeba watu wetu," akasema.

Hakuwa amekasirika. Alimpa bosi mkono palepale, na jana wamesaini mkataba mpya. Bosi akaniita: gereji haiendi Mwanza, na mimi ni msimamizi wa kudumu. Mama, nimeshinda. Nalisema bila haya, nalo tamu mdomoni. Mvua zimeisha, na tangu siku ile ya getini hakuna gari langu lililolala njiani. Leo yapo mawili mabovu, yote yako mbele ya macho yangu, na bosi kapita akaniuliza, nikamwambia, akaenda zake anapiga mluzi.

Nisalimie baba, mwambie ajifunike kifua. Nisalimie shangazi, jirani yetu fundi cherehani, na dada yangu na mumewe. Na baba mdogo, aliyewaambia watu barazani kwamba nitarudi kabla mahindi hayajakauka, msalimie kwa heshima zake zote. Mwambie kweli nakuja shule zikifungwa. Nakuja kumchukua mwanangu.

Ni mimi binti yako,
Mwanaidi