Mifuko ya Nusu Kilo

Jumanne

Leo tena mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kaubonyeza mfuko wangu wa karanga, akaurudisha mezani. "Bamayo," akaniita mama kwa Kibemba, "humu mmejaa hewa."

Ni robo kilo kamili, lakini mfuko ni wa nusu. Hata niukunje vipi kabla ya kuuziba kwa mshumaa, naonekana nimepunja.

Nilimwagiza mume wangu mifuko ya robo. Akaleta ya nusu, bunda zima, anatabasamu. Tangu aachishwe kazi sikuwa nimemwona hivyo. Nikamwambia ndiyo hasa niliyoitaka. Ningesemaje?

Leo asubuhi ilikuwa imebaki michache, nikaanza kupumua. Jioni kaingia na mabunda mawili begani.

"Ile ile uliyoipenda," akasema.

Nikamshukuru, nikawasha mshumaa.