Malkia wa Baba Yuko kwa Zigmas

Musteika,
12 Juni.

Mpendwa kaka Vaidotas,

Pokea salamu zetu, nikitumaini mvua za Bergen hazijakuotesha ukungu. Huku tu wazima. Miguu ya Mama inamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Kaka, mpaka sasa moyo haujatulia. Unajua ni mzinga mmoja tu wa Baba uliopona baridi. Mwezi uliopita Mama akaamua kuugawa, nusu ampe Zigmas. Ndiyo, Zigmas jirani, yule ambaye hata kumzika Baba hakuja. Kwetu nyuki hawauzwi, na ukigawana nyuki na mtu amekuwa ndugu yako. Sasa undugu na yule? Mama aligawa mwenyewe, mimi nikashika kitoa moshi cha kuwatuliza nyuki na kununa.

Wiki iliyopita nilifungua nusu yetu nimtazame malkia. Nikapitia fremu za masega moja moja, nikarudia. Hakuna malkia, hakuna yai, hakuna buu. Nyuki walikuwa wanavuma kama nyumba yenye msiba. Hao wakifa, nyuki wa Baba wametoka nyumbani kwetu.

Njia ya kuhakikisha ni kuwapa fremu yenye mayai. Wakianza kujenga vikombe vya kulea malkia, ujue hawana. Na mayai yako kwa Zigmas tu. Nikameza kiburi, nikaenda. Alipofungua mzinga wake, namwona nani? Malkia wetu, na lile doa la buluu alilompaka Baba mgongoni. Nikamwita Zigmas mwizi palepale.

"Mwizi tena? Kamuulize mama yako," akasema. "Kaniwekea kwa mkono wake. Nimemkatalia, kaniambia nifunge mdomo. Wenu watakuwa walilea mwingine, akaliwa na ndege akiruka nje kwenda kuolewa na madume. Haya, chukua fremu, acha kunikodolea macho."

Nilimkuta Mama anamenya viazi. Hakuinua hata uso.

"Ndugu hapewi makombo, Jolita. Mimi ni wa leo au kesho, na Vaidotas yuko Norwe. Ukitumbukia kisimani utamwita nani?"

Nikatoka, nikaiweka fremu ya Zigmas kwenye mzinga wetu.

Leo Zigmas amekuja tukaangalia pamoja. Vikombe vimejengwa kwenye fremu ile. Kweli hawakuwa na malkia, ila sasa wanamlea wao wenyewe, mtoto wa yule wa Baba. Mama akamwekea Zigmas supu baridi ya bitiruti. Akaketi kwenye kiti chako, kaka, na Mama hakumhamisha.

Msalimie wifi Ingvild na umbusu Mikas. Mungu awafunike kwa rehema zake, na akulete Agosti, kabla kiti hakijamzoea.

Nduguyo wa damu, akupendaye sana,
Jolita