Nimemkwamisha mke wangu kwenye somo la kwanza la Kiingereza

Mpendwa mshauri, najua safu yako huandikiwa zaidi na vijana walioachwa na wachumba, lakini naomba leo umpe nafasi mzee aliyeegemezwa mito kitandani, kwa sababu jambo langu haliwezi kusubiri, na daktari ameshatuambia wazi, mimi na mke wangu, kwamba moyo umechoka na dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu tu.

Nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu. Binti yetu wa pekee ameolewa ng'ambo na watoto wake wawili hawajui Kiswahili, basi kila Jumapili wakipiga simu, mama yao akiwa kazini, mimi ndiye mkalimani, bibi anasema nageuza, wajukuu wanasema nageuza, na kwa muda huo mfupi mimi si mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko, ni mwalimu tena.

Tuliporudi kutoka hospitali mke wangu alivuta kiti kando ya kitanda akaniambia, "Mwalimu, nifundishe hicho Kiingereza chako. Ukiondoka, mimi na wale watoto tutabaki kama mabubu." Nikaanza pale ninapoanzia siku zote: herufi kubwa mwanzo wa sentensi, nukta mwishoni, na kanuni yangu ya darasani kwamba hakuna kuvuka somo mpaka lililopo litoke bila kosa. Nasoma sentensi, yeye anaandika, nami kila mwisho natamka "fulstopu" kama nilivyozoea. Mvua zilianza zikakatika, bado tuko palepale. Ameomba nimfundishe kuuliza maswali, maana anataka kujua mjukuu amekula nini, amelala vipi, jino limeng'oka au bado, nami namjibu kwamba maswali yako mbele huko, kwanza hapa umesahau herufi kubwa ya jina lako mwenyewe.

Jumapili iliyopita simu ililia nikiwa nimesinzia, akaipokea. Nikamsikia akiwaambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye ni bibi yao fulstopu, hajambo fulstopu, anawapenda fulstopu. Wajukuu walicheka mpaka simu ikakwaruza, yule mdogo akajibu kwamba naye anampenda fulstopu, na mke wangu akacheka nao bila kugeuziwa hata neno moja. Mimi nikanyoosha mkono nikamnyang'anya simu. Nikamwambia, "Unatuaibisha." Akanyanyuka akaenda jikoni, na tangu hapo hajavuta kile kiti. Dawa ananipa, shuka anabadilisha, "Shika maji," "Geuka upande huu," basi.

Sasa sipati usingizi, kwa sababu hakumwaibisha mtu yeyote, na ukweli ninaoogopa kwenda nao kaburini ni kwamba somo lile angelivuka zamani. Namshikilia pale makusudi. Siku akijua kuuliza na kuelewa jibu, sitakuwa na kazi tena katika nyumba hii. Je, nimwambie hivyo, au ninyamaze nimfundishe harakaharaka kabla pumzi haijakata? Nijibu kabla ya Jumapili.

Mwalimu mstaafu

*

Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa maradhi, na nashukuru umelisema lenyewe bila kulizungusha. Sasa nivumilie, maana nitakusema.

Lile kosa la kwenye simu ni lako. Mama wa watu alisema alichofundishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba fulstopu huandikwa tu, haitamkwi. Watoto walifurahi, bibi akafurahi, mazungumzo yakafanyika. Ulitaka afaulu vipi tena? Ukampa sifuri kwa sababu tu hakupitia kwako.

Hofu yako naielewa. Mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka yote, leo anageuzwa ubavu na mkewe, lazima imuume. Lakini huyo anayekugeuza hakuhitaji kwa ukalimani wa Jumapili peke yake. Anahitaji mume wa kuzungumza naye leo, Jumatatu na Jumanne. Na baada yako simu italia tena. Unataka aipokee, au aitazame mpaka inyamaze?

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, mwite. Anza na samahani, kisha mwambie hilo la kumshikilia makusudi, kwa kinywa chako, kabla hajalisoma gazetini. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize.

Akirudi kwenye kiti, daftari liwekwe kando. Mfundishe kwa sikio: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Mfundishe kusema "sijaelewa, rudia polepole," hilo litamfaa kuliko alama zako zote. Herufi kubwa na mikato visubiri, hakuna mtoto anayeona herufi kwenye simu. Akikosea na umemwelewa, meza mate mwendelee. Najua kwako hiyo ni dawa chungu kuliko za daktari, inywe hivyohivyo.

Jumapili mwachie simu. Akikwama, kaa kimya mpaka akugeukie mwenyewe. Nadhani atakugeukia. Akimaliza bila kukugeukia, basi umemfundisha vizuri, na kazi yako itakuwa kumwomba akusimulie wajukuu wamesema nini.