Watoto wa Vitabuni Hawadanganyi

Satellite, Nairobi
Jumatano, 12 Februari 2025

Kwa dada yangu mpendwa Kavutha,

Salamu nyingi kutoka huku Satellite, ambako maji yamerudi mferejini juzi na mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo asubuhi. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda ngazi za shule. Maureen ameniambia bado unawafokea walimu wenzako kuliko wanafunzi. Nikacheka, nikajua u mzima.

Utashangaa kuletewa barua na binti yako Maureen wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikata kauli kabla sijafika nusu, na habari hii nikikatwa kauli sitaweza kuianza tena. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Uliniomba niandike wasifu wa Baba wa kusomwa kwetu Mwala siku ya ukumbusho wake. Ulisema ule wa mazishini binamu zetu waliuandika mbiombio, wakakosea hata mwaka aliooa, na kwamba ni aibu familia yenye mwandishi kuaibika mara mbili. Umenipigia simu mara sita, na mara zote sita nimekwambia nakaribia kumaliza. Kweli nilikuwa na sentensi moja tu, ile ya tarehe ya kuzaliwa.

Mambo yalianza Novemba. Mchapishaji wangu aliniambia kuna msomaji anayenitafuta, mzee Tarlochan Singh, mwenye duka la vipuri vya magari River Road. Duka ameshawaachia wanawe, lakini huja kila siku kuketi nyuma ya kaunta na kusoma riwaya zangu za upelelezi, penseli mkononi. Tulikutana katika mkahawa mmoja mjini. Alikuwa na vitabu vyangu vyote tisa kwenye mfuko wa karatasi, akaanza kunionyesha makosa: bastola ya risasi sita iliyolia mara saba, na maiti iliyookotwa ikiwa na ndevu ikazikwa imenyolewa. Nilifurahi mno. Kazi hii ina upweke wake, dada. Unajifungia mwaka mzima na watu ambao hawapo, kitabu kinatoka, halafu kimya. Humjui aliyekisoma wala alichokifikiria. Kumbe mzee huyu alikuwa amenisoma neno kwa neno. Kisha akaweka penseli chini.

"Ndeti, kwa kitabu yako yote tisa kuna mtoto anaona kitu, polisi anamuuliza, na yeye anasema ukweli. Mbona hakuna hata mmoja anadanganya? Mimi nimelea wanne."

Nilimjibu kwamba mtoto hana sababu ya kudanganya. Akanitazama, akatabasamu, akaagiza chai nyingine. Hakujua alichokuwa amekigusa.

Nilirudi nyumbani nikasoma kurasa za watoto tu, kitabu baada ya kitabu. Alikuwa amesema kweli. Na kuna jambo hata yeye hakuliona: wote tisa wameketi kwenye ngazi za baraza. Nimewaketisha hapo kwa mkono wangu mwenyewe, miaka kumi na sita, bila kujua ninachofanya. Tangu siku hiyo sijaandika ukurasa. Nikikaa mezani, mtoto wa kitabu cha kumi huja akaketi kwenye ngazi zake, nami nikimuuliza aliona nini, hafungui mdomo. Jioni jirani akifunguliwa geti aingize gari, mimi husimama dirishani kuangalia ni nani atashuka upande wa dereva. Naogopa, Kavutha. Nina miaka arobaini na mitatu na naogopa geti la jirani.

Utamkumbuka Mutie, yule ambaye Baba alimtoa kwetu Mwala aje aoshe gari na kukata ua tulipokuwa tukikaa mtaa wa Jamhuri. Wewe ulikuwa bweni, kidato cha pili, ukaandikiwa kwamba Mutie alichukua gari bila ruhusa, akamgonga mtu Barabara ya Ngong akamuua, akafungwa miaka mitano. Ulijibu kwamba hutamwamini tena mtu wa kwetu.

Sikiliza sasa. Jumapili ile, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za baraza. Mutie alikuwa ndani ya ua, akaenda kufungua geti. Gari likaingia taa moja ikiwa imevunjika, na aliyeshuka upande wa dereva alikuwa Baba. Alikwenda hadi kwenye ua wa michongoma akatapika. Polisi walifika kabla ya giza kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameandika namba ya gari. Baba akasema Mutie ndiye aliyelichukua. Mutie akasema si yeye. Basi polisi akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza nani alishuka. Baba hakuwa ameniambia niseme lolote, wala hakunitazama. Nikasema, Mutie.

Aliyekufa alikuwa fundi wa mbao aitwaye Sifuna, akirudi nyumbani kwa baiskeli. Jina lake nimelijua mwaka huu.

Ijumaa iliyofuata Baba aliniletea kitabu cha hadithi kutoka kwa wale wauzaji wa kando ya barabara mjini. Ijumaa iliyofuata akaleta kingine, na kingine, hadi nikamaliza shule. Wewe umelalamika maisha yako yote, mara kwa utani na mara bila utani, kwamba alimpendelea mvulana wake, na kwamba wewe uliyekuwa ukiongoza darasa hukuletewa hata gazeti. Hakuwahi kuniambia ninyamaze. Alinipa cha kusoma, nami nikainamisha kichwa nikasoma. Wewe alikupenda bure, dada. Mimi alikuwa akinilipa.

Nilimtafuta Mutie. Anashona viatu Kawangware, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, na huenda nimempita mara mia. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yeye akiendelea kushona. Alisema alijua kwamba niliona, ila alidhani nilisahau kwa kuwa nilikuwa mtoto. Nikamwambia sikusahau hata siku moja. Nikamuuliza anataka nimfanyie nini.

"Mama yangu alizikwa Mwala akijua amezaa muuaji," akasema. "Kaseme hapo hapo Mwala. Na useme kwa sauti."

Wasifu umekwisha, ni ule ulio kwenye bahasha ya pili. Karo aliyowalipia watoto wa majirani imo, na paa la kanisa limo, kwa kuwa yote hayo ni kweli. Jumapili ile nayo imo, na jina la Mutie, na la Sifuna. Nilimpenda Baba na bado nampenda, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Najua jina lake sasa umelibeba wewe, pale kanisani na pale shuleni, na kwamba kijitabu cha ibada unakipeleka kwa mchapaji wewe. Ukikataa wasifu huu usichapwe, sina mwingine wa kukupa.

Nisalimie shemeji, mwambie mihogo ilifika salama. Msalimie na shangazi, mwambie nitakuja na dawa yake ya macho.

Nimemwalika Mutie. Nimemwambia ataketi mbele, pamoja na sisi. Aliniuliza kama dada yangu amekubali. Nikamwambia umekubali.

Ni mimi mdogo wako,
Ndeti