Dude Lililovaa Mapazia

Mwenzangu, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Usicheke.

Si unakumbuka nilivyoshona vazi la lile dude la sayari ya mbali, la msimu wa pili wa ile tamthilia yetu ya runinga? Leo familia nzima tumekaa sebuleni kulitazama.

Wifi anapiga mayowe, kajificha nyuma ya mto. Shemeji anacheka mpaka machozi: "Msimu wa kwanza ulitisha, hili ni gunia linalotembea!" Wakabishana weee.

Mama mkwe akasema, "Nyamazeni. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Rimoti ninayo mimi!

"Hayo ni mapazia yangu."

MAPAZIA YANGU, mwenzangu! Yale niliyomwambia yako kwa dobi. Kitambaa kiliniishia njiani, nikasema nitayafumua nimrudishie kabla hajauliza. Dobi gani wa miezi minane?

Na hajagomba! Kakaa vizuri, anasema leo tunamaliza msimu wote, kesho nimletee mapazia yake.

Sehemu ya sita dude linachomwa moto. Si ujanja wa kompyuta. Tulilichoma kweli.

Anagonga mlango. Nimeingia na rimoti.