Sindano Nyekundu ya Mama Mkwe

Mpendwa Dada Amparo wa redioni,

Nisaidie mwenzio, naandika huku mtoto ananyonya. Mume wangu Norlan ni mkata miwa kama kaka zake, na kama wengi wa hapa Chinandega figo zake zimeanza kuchoka, zahanati wakamkataza dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, sasa mgongo unamuuma hata kufunga viatu hawezi, nami nikamwambia avumilie tu, ndipo mama yake, Doña Ernestina, ambaye tunakaa kwake na ndiye mchoma sindano wa mtaa mzima, akanijia juu: “Mwanangu anaugulia, wewe unamtazama kama ndama aliyevunjika mguu! Hii ni vitamini, mkwe wangu, vitamini!” Akamchoma ile sindano yake ya dawa nyekundu, asubuhi Norlan akaamka anapiga mluzi, akabeba panga lake, jioni akarudi miguu imevimba na mkojo kidogo, mweusi kama kahawa. Nikisema, mama mkwe ananicheka: “Haya, daktari wa nepi!” Na sindano ya pili iko tayari juu ya friji. Nikiificha nitaitwa mke asiye na huruma, nikinyamaza nitabaki mjane na mtoto mchanga. Nifanyeje?

Yahoska

Yahoska mdogo wangu, kama hujampeleka Norlan zahanati, zima redio umpeleke sasa hivi. Miguu hiyo na mkojo huo si vya kungoja.

Umerudi? Haya. Kichupa cha sindano ulikibeba? Kama hukubeba, kirudie, muuguzi asome maandishi yake kwa sauti mbele ya mama mkwe. Nyingi za hizo nyekundu zimechanganywa na diklofenaki. Vitamini haimpigishi mtu mluzi, mama.

Ila nawe ulikosea. Kukatazwa dawa mbili si kuambiwa uumie. Muulize muuguzi kuhusu parasetamoli, ndiyo salama zaidi kwake: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, zipite saa sita au zaidi kabla ya kumeza tena, kwa siku visizidi sita, au pungufu muuguzi akisema. Kama anakunywa pombe au ana ini bovu, aseme kwanza. Asiongeze dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli hiyohiyo. Naprokseni, aspirini ya maumivu na mizizi ya sokoni, hapana.

Norlan, najua unasikiliza. Mgongo ukiuma unaomba kulala, hauombi panga. Mwambie msimamizi wako ukweli.

Na wewe Doña Ernestina, hakuna anayekunyang'anya mwanao. Weka sindano chini. Chemsha maji, kamua taulo, umkande mgongo kwa mikono yako hiyohiyo. Kisha mpokee Yahoska huyo mjukuu wako, naye apate kulala.